Aliyeleta Kikohozi

Nabalayo, msichana wa kazi, alikuwa akifungua mfereji kila alipotaka kukohoa. Jepleting aligundua hilo asubuhi moja akiwa sebuleni anashona sketi ya shule. Maji yalikuwa yakimwagika bafuni, na chini ya mlio wa maji kifua cha mtu kilikuwa kikipasuka. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akasikiliza. Maji yakafungwa. Nabalayo akatoka na karai la nguo za mtoto, macho mekundu, uso mtulivu.

"Ulikuwa unakohoa?" Jepleting akamuuliza.

"Hapana, Mama Kipketer. Ni sabuni tu imenipalia."

Sabuni! Jepleting alirudi kwenye kazi yake lakini mshono ukakataa kunyooka. Kando yake, kwenye kitanda kidogo cha mbao, Kipketer wake wa wiki tano alipiga chafya, kisha akakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo na kikavu, na kilikuwa kimeanza juzi. Mtoto hatoki nje, habebwi sokoni, hajapelekwa hata kanisani. Sasa kikohozi kimepitia wapi kuingia humu ndani?

Jibu alilipata haraka, maana alikuwa analitaka. Wafanyakazi wa nyumbani wana mambo yao Jumapili. Wanatoka asubuhi wamevaa vizuri, wanarudi jioni, na wewe mwenye nyumba hujui wamekaa na nani. Kikulacho ki nguoni mwako, Jepleting alijiambia, akaukata uzi kwa meno.

Yeye mwenyewe kifua kilikuwa kimemsumbua tangu shule zilipokaribia kufunguliwa, lakini kile kilikuwa kifua cha vumbi la vitambaa. Kila fundi anacho. Januari ndiyo mavuno ya mshona sare, na uzazi haukumzuia. Akina mama walimletea watoto wao hapo nyumbani, mtaa wa Section 58, Nakuru, akawazungushia futi kifuani mmoja baada ya mwingine huku wakimpumulia usoni. Hao hakuwahesabu. Mteja hahesabiwi pamoja na wanaoweza kuleta ugonjwa.

Mchana Trizah wa nyumba ya pili alikuja kuchukua kaptura za mwanawe Quincy. Trizah ni mtu wa kuingia bila hodi na kufunua sufuria za wenyewe. Alizikagua kaptura, akavuta pindo, akalalamika kidogo kama ilivyo desturi, kisha akakaa.

"Huyu Nabalayo wako anakohoa," Jepleting alisema, akimtega.

"Wangu tena? Si ni wako?"

"Nimesema tu. Umemsikia?"

"Ni homa ya kawaida. Nakuru yote inakohoa saa hii. Hata wewe si ulikuwa unakohoa?"

"Mimi ni vumbi."

"Basi na yeye ni vumbi. Usimsumbue msichana wa watu, Mama Kipketer. Huyo ni mchapa kazi, hana mdomo, anapenda mtoto. Ukichoka naye niambie. Dadangu Natasha wa Gilgil amejifungua juzi na hana mtu."

Trizah alicheka. Jepleting naye alicheka, lakini meno tu. Mtu akikutetea mfanyakazi wako kwa bidii namna hiyo, jiulize anamtakia nini. Kwenye mitaa hii wanawake wanaweza kugawana chumvi, maji, hata siri za waume zao, lakini mfanyakazi mzuri anaibwa mchana kweupe na salamu zinaendelea. Tangu saa hiyo Jepleting akaanza kuchungulia dirishani kila Nabalayo alipokwenda kuanika nguo, aone kama Trizah naye ana nguo za kuanika. Mara mbili aliwakuta pamoja kwenye kamba. Mara zote mbili waliponyamaza, aliona wamenyamaza kwa sababu yake.

Usiku wakati wa kula alimwambia mumewe, Bethwel Kiptanui, ambaye huuza dawa za mifugo kwa pikipiki kutoka Nakuru hadi Subukia na Kabazi. "Huyu msichana ana TB."

"Nani amempima?"

"Anakohoa akijificha. Mtu hafichi kitu kizuri."

"Labda anaogopa utamfukuza."

"Na kwa nini aogope kama hana kitu?"

Bethwel aliangalia sahani yake. Alijua kwamba ugali ukipoa katikati ya mjadala wa aina hii, mlaji ni yeye. "Fanya vile unaona," alisema, na kwa maneno hayo matatu akajiondoa katika jambo zima. Ndivyo alivyofikiri.

*

Nabalayo aliambiwa aondoke Jumamosi asubuhi, akiwa amemfunga Kipketer mgongoni. Jepleting alimfungua mtoto kwanza, ndipo akasema.

"Sina ubaya na wewe. Lakini nenda nyumbani ujitibu."

"Mama Kipketer, mimi si mgonjwa sana. Ni hii kifua tu. Niache hata nisimshike mtoto, nifanye kazi ya nje."

"Kazi ya nje gani kwa ploti? Panga nguo."

Sasa katika mji huu mfanyakazi wa nyumbani haondoki kabla begi lake halijapekuliwa. Hakuna sheria inayosema hivyo, ila kila mama anaifahamu. Jepleting aliufungua mkoba barazani, mbele ya macho ya majirani, maana ukimpekua mtu ndani anaweza kusema umemwekea. Akazitoa nguo moja moja na kuzikung'uta: sweta, leso mbili, sidiria iliyoshonwa mkanda kwa uzi wa rangi nyingine. Nabalayo aliisogelea ile sidiria aifunike, akaambiwa asimame pale pale. Upande wa pili wa korti, ule uwanja wa katikati ya nyumba za ploti, Trizah alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Bethwel aliinama kwenye pikipiki yake akikaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Chini kabisa, ndani ya soksi, palikuwa na chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi. Ilikuwa imebaki robo.

"Na hii?" Jepleting aliiinua juu ili korti yote ione.

"Ni ile yako," Nabalayo alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa umewacha kuitumia. Nilikuwa nakunywa kidogo usiku ndio nisikohoe nikimbeba mtoto."

"Kwa hivyo umeiba."

"Nilikuwa nimeichukua, sikuwa nimeiba."

"Baba Kipketer, umesikia? Alichukua lakini hakuiba!"

Bethwel aliinua kichwa. Chupa ile aliijua. Aliinunua yeye mwenyewe, akitoka kazini, siku ambazo mkewe alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, na wakati huo Nabalayo hakuwa amekohoa hata mara moja. Yote hayo aliyakumbuka vizuri pale alipoinama. Lakini kusema kungemharibia Jumamosi yake nzima. Akarudi kwenye nati.

Nabalayo alizirudisha nguo zake mkobani bila kuzikunja. Alilia kidogo, si sana. Kabla hajatoka aligeuka amwangalie Kipketer, na Jepleting akamgeuza mtoto upande wa pili, asije akapumuliwa.

Jioni habari zilimfikia kwamba msichana hakwenda kwao Webuye. Trizah alikuwa amemkuta barabarani na kumpandisha gari la Gilgil, kwa dada yake. Jepleting alipiga makofi peke yake jikoni. "Si nilijua! Ilikuwa imepangwa!" Uchungu wa kuibiwa mfanyakazi ulimkolea hata akasahau kwamba ni yeye aliyemfukuza. Akampigia Trizah simu hapo hapo, akamwambia amechukua mwizi mwenye TB na asije akalia kwake.

"Asante kwa kunijulisha," Trizah alisema, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

*

Mfanyakazi aliondoka, kikohozi kikabaki. Kikabadilika hata sura. Sasa Kipketer alikuwa akikohoa kwa mfululizo, kimoja juu ya kingine bila nafasi ya kuvuta hewa, uso ukigeuka mwekundu kisha wa zambarau, na mwisho akitapika maziwa yote. Katikati ya mafungu hayo alikuwa mtoto wa kawaida kabisa, anatabasamu hata, na ndiyo maana muuza dawa wa hapo kona alipomwona akasema ni mafua. Akawapa matone ya puani.

Jepleting hakumwamini. Hakumwamini mtu yeyote siku hizo. Aliinusa chupa ya maziwa ya unga ambayo Nabalayo alizoea kuiosha. Aliyachoma moto mablanketi ya chumba cha msichana. Alimuuliza Bethwel kama dawa za ng'ombe anazobeba zinaweza kumdhuru mtoto, na Bethwel alipokataa, akamuuliza kama kuna nyumba nyingine anayopitia huko Kabazi, yenye watu wanaokohoa.

"Nyumba gani?"

"Wewe ndio unajua."

Bethwel akalala kwenye kochi kwa hasira. Hata hivyo masikio ya wote wawili yalikuwa kwenye kitanda kidogo.

Siku kikohozi kilipokoma ndipo walipoogopa kweli. Jepleting alikuwa amempakata baada ya kumnyonyesha. Mtoto alikohoa mara chache, akajinyoosha, akanyamaza. Mama akashukuru, akafikiri amelala. Alipomtazama aliona midomo imekuwa ya bluu na kifua hakipandi. Alipiga kelele ambayo hata Trizah aliisikia. Bethwel akamnyakua mtoto, akamsugua mgongo kwa kiganja, akampuliza usoni, akamwita kwa jina ambalo bado hakuwa amelizoea kinywani. Kipketer akavuta pumzi. Wazazi wake wakalia mbele yake bila aibu, kisha wakakimbia naye barabarani bila kufunga mlango.

*

Hospitalini mtoto aliwekewa oksijeni na kufungwa waya mguuni. Kila pumzi ilipokatika mashine ililia na muuguzi akaja mbio kumtikisa. Jepleting alijifunza sauti ya kimya. Aliweza kuwa anaongea na mtu, mashine haijalia bado, na tayari ameshasimama.

Daktari wa wodi, Makhanu, alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alichukua kamasi ya mtoto kwa kijiti chembamba, akaanza dawa bila kusubiri majibu. Majibu yalipokuja aliwaita wote wawili kwenye korido, maana ofisi hakuwa nayo.

"Ni kifaduro," alisema.

"Kifaduro?" Bethwel alishangaa. "Si hiyo ilikuwa zamani?"

"Iko. Ni bakteria. Sindano yake ya kwanza mtoto hupewa wiki ya sita, na huyu wenu alishikwa kabla. Sasa nisikilizeni. Hii bakteria haikai kwa vumbi. Haikai kwa baridi, haitoki kwa ng'ombe. Inakaa kwa koo ya mtu. Lazima kuna mtu alimkoholea."

"Tunamjua," Jepleting alisema upesi. "Ni msichana wa kazi. Nilimfukuza."

"Mfanyakazi peke yake ndiye alikuwa anakohoa?"

"Peke yake. Alikuwa anajificha, daktari. Anafungua maji tusimsikie. Mpaka akaiba dawa."

"Dawa ya nani?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la mtu anayejaza pengo kwenye maelezo. Watu walipita kati yao na vikombe vya uji.

"Ya mke wangu," Bethwel alisema.

"Mama, ulikuwa na kikohozi?"

"Ya vumbi," Jepleting alisema. "Mimi ni fundi. Ni vumbi ya vitambaa."

"Kiliisha baada ya muda gani?"

"Hakijaisha," Bethwel akajibu badala yake. Alikuwa anautazama ukuta. "Alianza shule zikikaribia kufunguliwa. Alikuwa akikohoa mpaka anatapika. Nabalayo alikuwa mzima wakati huo. Ndio nilinunua ile chupa."

Jepleting alimgeukia polepole. "Ulijua?"

"Nilijua chupa ni yako. Hii ingine sikujua."

"Siku ile kwa baraza ulikuwa umenyamaza."

"Nilitaka amani."

"Amani!" Sauti yake ilipanda, akakohoa, na safari hii wote watatu walikisikiliza kikohozi hicho mpaka mwisho. Kilikuwa kirefu. Kilipomwachia alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nini.

"Mama, sikuulizi ndio nikushike," daktari alisema. "Nauliza ndio nitibu. Mtu mzima akiwa nayo hukohoa wiki nyingi na anaendelea na kazi. Anaambukiza bila kujua. Wewe pia kuna mtu alikupa, na huyo mtu alifikiria ana homa tu."

"Watoto wa sare," Jepleting alisema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Pengine. Nyinyi wawili mtameza dawa leo. Na huyo msichana lazima apatikane. Ako wapi?"

Jepleting alikuwa ameona kitu kingine. Nyumba ya Gilgil. Mtoto wa Natasha, mdogo kuliko Kipketer. Na aliyempeleka kikohozi huko, ukifuata njia yote mpaka mwanzo, ni yeye.

*

Nabalayo hakushika simu. Aliyewahi kuitwa mwizi barazani hawezi kuchangamkia namba hiyo ikimwita. Ikabidi Jepleting ampigie Trizah. Trizah alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu Kipketer, akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli.

"Lakini namba ya Natasha sikupi hivi hivi," alisema. "Nitamuuliza kwanza."

"Trizah, hakuna wakati."

"Uliniambia ni TB. Halafu ni mwizi. Sasa ni kifaduro. Mimi nitamwambia dadangu ipi?"

"Zile mbili za kwanza nilikosea."

Trizah akakata simu. Baadaye namba ikaingia kwa ujumbe mfupi, bila salamu. Jepleting alitoka nje ya wodi, akasimama karibu na mahali pa kufulia, akapiga.

"Natasha? Mimi naitwa Mama Kipketer wa Nakuru. Nabalayo alikuwa kwangu."

"Nimeambiwa utapiga." Sauti ilikuwa ya msichana mdogo aliyechoka, na ilikuwa imejiandaa. "Hata sijui unataka nini. Ukimfukuza mtu, umemfukuza."

"Simtaki arudi. Ako na kikohozi kibaya kwa mtoto mchanga. Wangu ako kwa oksijeni."

"Pole. Lakini nikimfukuza leo, kesho atakuwa kwako. Mimi si mtoto."

"Natasha, ni mimi nilimwambukiza. Mimi mwenyewe. Nilikuwa nacho kabla yake."

"Ah!" Natasha alicheka kidogo. "Sasa nani anaweza kujisemea hivyo kama hana kitu anatafuta?"

Msichana yule alikuwa anamshuku sawasawa na vile ambavyo Jepleting mwenyewe angemshuku mtu, kwa hesabu zile zile. Angefanya nini, aape? Hata mwizi huapa. Ndipo aliposikia, nyuma ya sauti ya Natasha, kikohozi cha mtoto. Kikaja kimoja, kikaja kingine, halafu vikafuatana vyote pamoja bila nafasi. Halafu kimya.

"Natasha, mwangalie mtoto."

"Ameanza hiyo jana. Ni mafua. Sasa unaona, hata wewe mwenyewe unasikia ni mafua tu, na unataka—"

"Mwangalie! Hajavuta pumzi!"

"Wacha kunitisha."

"Mwinue!" Jepleting alipiga kelele, na wanawake waliokuwa wakifua wakageuka. "Mwinue! Msugue mgongo! Mpulizie uso! Natasha!"

Simu ya upande wa pili iligonga kitu kigumu. Alisikia Natasha akiita, si kwa hasira tena, na miguu ikikimbia, na sauti nyingine aliyoijua ikisema, "Lete mtoto! Nipe, nipe mimi!" Kisha hakusikia kitu. Alisimama na simu sikioni, mkono mwingine umeshika ukingo wa sinki. Alitaka kuomba lakini alikuwa amesahau maneno yote. Mama mmoja alimgusa bega, akamuuliza kama amefiwa.

Mtoto akalia. Kilikuwa kilio kibovu, chenye makamasi, na Jepleting akakaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji.

Ilipita muda ndipo mtu akaiokota simu. Alikuwa Natasha, anahema.

"Mama Kipketer? Bado uko?"

"Niko."

"Amekuwa bluu. Mtoto wangu amekuwa bluu." Alilia, akajizuia. "Umesema ni ugonjwa gani?"

"Kifaduro. Mpeleke hospitali saa hii, usingoje kesho. Ukifika waambie hivyo hivyo, kifaduro. Waambie kuna mtoto Nakuru ameshapimwa, wanipigie."

"Na huyu Nabalayo? Nimfukuze?"

Jepleting alifikiria mkoba uliofunguliwa barazani. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alikohoa, akafunika mdomo kwa kiwiko, akasubiri kipite.

"Usimfukuze," alisema. "Njoo naye. Yeye pia ni mgonjwa, na ni mimi nilimpa. Wampe dawa. Halafu kama atakubali, nataka kuongea naye."

Kule Gilgil Natasha aliondoa simu sikioni, na Jepleting akamsikia akimwambia mtu avae viatu na ashike shuka la mtoto. Kisha alimsikia akiuliza, na mwingine akijibu, bila kuyashika maneno. Natasha akarudi.

"Amesema sawa, ataenda na sisi," alisema. "Lakini na wewe hataki kuongea."